Mwaka Dada Alipopimwa Mimba Kila Wiki

Mama Rukia alizikwa kabla sijafika. Nilipata habari nikiwa Maseno asubuhi, na nilipoingia mtaa wa Kaloleni, Kisumu, vijana walikuwa wanarudi kutoka makaburini, udongo mwekundu ukiwa umegandana viatuni mwao. Nilikaribishwa kwenye mkeka uani, mjukuu wake mmoja akaniletea chai ya tangawizi, na akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Sikuwa ndugu wala jirani. "Tulikuwa wapangaji wake," nikamwambia. "Mimi na dada yangu. Mwaka mmoja tu." Akaitikia kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa jambo dogo, akaenda kuwahudumia wengine. Nilibaki nikitazama mlango wa chumba cha pembeni ambacho sasa ni stoo ya mikaa. Humo ndimo nilimojifunza karibu kila kitu ninachokijua juu ya mwili wa binadamu, kabla sijapata mwalimu wala kitabu, na humo ndimo dada yangu Awino alimokaa akingoja kujua kama ataishi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja kuitwa chuo, na sikuwa na kazi. Awino alikuwa mkubwa wangu. Alikuwa fundi cherehani kule Port Victoria, alikoolewa na Ogola, mfanyabiashara wa samaki mwenye pikapu ya bluu. Ndoa yao ilikuwa changa na haikuwa na mtoto bado. Kwa hiyo aliposhika mimba kila mtu alifurahi, na tumbo lilipokua upesi kuliko kawaida furaha ikazidi. Wanawake walimwambia ni mapacha. Alikuja kwetu Seme kupumzika, akiwa anatapika hata maji, na siku moja akaanza kutoka damu tukamkimbiza hospitali ya Kombewa. Hakukuwa na pacha. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Nesi alimweleza mama yetu kwamba kilichotoka kilikuwa vishada vya vijipovu, na kwamba jina lake ni mimba zabibu. Mimi zabibu nilizijua kwa Biblia tu, sikuwahi kuziona, na nakumbuka nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikijaribu kuwaza tunda nisilolijua ndani ya tumbo la dada yangu.

Walimsafisha vizuri na kumwambia asikose kurudi kupimwa. Hakukosa. Ajabu ni kwamba kila aliporudi, kipimo kilisema ana mimba. Ogola alikuwa safarini muda wote ule, na Awino alijua kabisa kwamba hana. Kisha akaanza kukohoa, na kikohozi kikaja na damu. Kombewa wakamwandikia aende Kisumu, hospitali kubwa, na huko akapigwa eksirei. Nilikuwepo daktari alipoinua ile picha dirishani. Ndani ya mapafu mlikuwa na madoa ya mviringo, meupe, yaliyotawanyika. Daktari huyo aliitwa Nafula, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, na hakutuzungusha. "Hii ni saratani," alisema. "Haipatikani sana. Imeanzia kwenye ile mimba, sasa imefika kifuani." Awino akauliza jambo moja tu: "Inatibika?" Daktari Nafula akasema, "Hii, ndiyo. Kuna nyingi siwezi kusema hivyo. Lakini dawa yake ni ghali, na itakuwa sindano kwa miezi."

Palikuwa na daktari mwingine, mzee mwenye nywele nyeupe, ambaye alishauri tumbo la uzazi liondolewe mara moja. Sikumwona kuwa mbaya wakati ule, na simwoni hivyo sasa. Alikuwa amezika wanawake wengi waliochelewa. Walijadiliana mbele yetu kwa heshima, kwa Kiingereza cha haraka, mpaka Awino akawakatiza kwa Kiswahili. "Na mkitoa tumbo, sindano itaacha kuhitajika?" Wakatazamana. Yule mzee akakubali kwamba hapana, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwisha kupanda mapafuni. "Basi tuanze na sindano," Awino akasema. "Tumbo halitakimbia. Mkilitaka baadaye mtalikuta."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda kupanga kwa Mama Rukia. Seme ilikuwa mbali kwa mtu wa kuchomwa sindano siku hii, kupumzika kesho, na kurudi keshokutwa. Ogola ilibidi atafute pesa, na mama yetu miguu ilimsumbua. Nikabaki mimi. Chumba kilikuwa na kuta zilizopakwa rangi ya samawati hadi kiunoni na chokaa juu, kitanda kimoja cha chuma, na pazia la leso nililolitundika katikati ili dada apate faragha. Upande wangu wa pazia palikuwa na mkeka, jiko la mchina la mafuta ya taa, na dirisha lililotazama jiko la uani. Kupitia dirisha hilo tulisikia kila kitu: Mama Rukia akikanda unga wa mahamri kabla ya jua, wanawake wakija kununua, na maneno yao. Siku chache tu baada ya kuhamia nilimsikia mmoja akisema, "Yule msichana wa chumba cha pembeni anakonda. Uangalie, Mama Rukia. Ni ule ugonjwa wa siku hizi." Miaka ile haukuhitaji kutajwa jina. Mchana Mama Rukia alikuja mlangoni kwetu, akakaa kwenye kizingiti na kumuuliza Awino uso kwa uso, "Mwanangu, ni Ukimwi?" Awino akasema, "Hapana, Mama. Ni saratani." Mama Rukia akaifikiria kidogo. "Sawa. Hata ungekuwa ndio, vikombe ni vyangu na wewe ni mpangaji wangu. Nilitaka kujua tu, nisiwe nabishana na watu gizani."

Kazi yangu kubwa ilikuwa kupeleka mkojo. Kila wiki Awino alinipa chupa ndogo iliyofungwa katika gazeti, nami nikaenda nayo maabara ya hospitali. Mara ya kwanza karani wa dirishani alifungua karatasi ya majibu, akatabasamu na kunipa mkono. "Hongera, baba!" Nikasema mimi si baba, mimi ni ndugu yake. Tabasamu likafa. Wiki iliyofuata akanipa majibu yaleyale, kimya, na ya tatu akaita wenzake waje kunitazama. Mpimaji wa maabara, Bwana Were, ndiye aliyeniokoa. Alinivuta ndani, akanikalisha kwenye stuli, akasema, "Kijana, unajua unachokileta hapa?" Nikasema sijui, na kwamba ningependa sana kujua. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Alinionyesha kipande cha kioo cheusi. Akadondosha tone la mkojo, akaongeza tone la dawa, kisha tone jingine jeupe kama maziwa, akakitikisa kioo taratibu kwa mkono. Tukainama wote wawili. Yale maziwa yalibaki laini. "Yakibaki laini hivi, ni mimba," akasema. "Yakikatika, yakawa na chenga kama maziwa yaliyoharibika, hakuna mimba. Sasa dada yako hana mtoto, lakini ule ugonjwa unatoa kitu kilekile ambacho mimba hutoa. Kipimo hakijui tofauti. Kinanusa tu harufu, hakioni mwenye harufu." Nikamuuliza tutajuaje kama dawa inafanya kazi, ikiwa kila wiki jibu ni moja. Akacheka. "Swali zuri. Ninauchanganya na maji. Sehemu moja ya mkojo, nyingi za maji. Kama bado unakubali, naongeza maji. Ule wa dada yako nimeutia maji mpaka unafanana na wa kisimani, na bado unakubali. Siku nitakayoweka maji kidogo ukakataa, mwambie ameanza kushinda."

Sijui kueleza jinsi maneno hayo yalivyonishika. Nilitembea kurudi Kaloleni nikiyasema kwa sauti. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba ugonjwa ni giza, mtu anaingia na anatoka au hatoki. Sasa nilikuwa nimeambiwa kwamba unaweza kupimwa kama chumvi ndani ya mchuzi. Nilimweleza Awino kila kitu, pazia likiwa katikati yetu, na yeye akaniuliza maswali mpaka nikaishiwa majibu. Kuanzia hapo tulikuwa na mchezo wetu: kila nilipokwenda hospitali alinipa swali la kumuuliza daktari. Kwa nini kinywa kinatoka vidonda na ugonjwa uko kifuani? Kwa nini nywele? Siku moja alinituma na swali ambalo nilikuwa nalo mwenyewe, nikaona haya kulitamka mbele ya mwanamke: inawezekanaje mimba ikawa saratani?

Daktari Nafula alikuwa anakula ndizi, amesimama, kati ya wodi mbili. Hakucheka. Alisema kila mimba ina kondo la nyuma, na kazi ya kondo ni kuchimba. Hupeleka mizizi kwenye ukuta wa tumbo la uzazi kutafuta damu ya kumlisha mtoto. "Ni kitu chenye nguvu sana, hata katika mimba nzuri. Lakini hufika mahali kikakoma. Hili la dada yako halikukoma." Akakunja ganda la ndizi. Kisha akasema jambo ambalo limekaa nami hadi leo. Katika mimba zabibu kama ile ya Awino, alisema, yai la mama huwa tupu. Chote kinachokua ndani yake kimetoka kwa mbegu za baba. "Kwa hiyo huo ugonjwa una mwili wa dada yako?" nikauliza. "Hapana," akasema. "Ukiupima kwa undani, ni wa mumewe. Umekua ndani ya dada yako tu. Lakini si kosa la mtu. Hilo ulishike vizuri kabla hujakimbia kwenda kulisema."

Sikukimbia. Nilikaa nalo. Ogola alikuja Kisumu kila mwisho wa wiki, akinuka moshi na samaki, akaketi ukingoni mwa kitanda akimsugua Awino nyayo. Pikapu alikwisha kuiuza. Kanisa letu Seme lilikuwa limefanya harambee, kaka zake walikuwa wametoa walichoweza, na bado dawa ilimeza vyote ikangoja vingine. Kuna wakati maduka yote ya dawa mjini yaliishiwa, naye akapanda basi hadi Nairobi na kurudi na zile chupa ndogo ndani ya sanduku la barafu, chini ya magunia, kama anavyosafirisha samaki wake wa mbuta. Mwenye duka alikuwa amemwambia haihitaji barafu. "Mimi sijawahi kubeba kitu cha maana bila barafu," alisema. Daktari Nafula alifungua sanduku lile ofisini mwake, harufu ya samaki ikajaa chumba, akageuka ukutani kidogo kabla ya kuzipokea. Nilimpenda shemeji yangu siku ile. Ndiyo maana sikujua kama nimwambie.

Nilimwambia Awino kwanza. Akasema, "Mwambie. Ni mtu mzima." Wakati huo kinywa chake kilikuwa kimechubuka chote, ugali haukupita, chai ilimchoma. Mama Rukia alikuwa akimpikia uji wa mchele uliochujwa, anaupoza kwenye bakuli pana, na mimi nilichemsha samaki wa ngege na kumpa maji yake peke yake, bila chumvi. Awino alitaka omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Alizungumza juu ya omena kama mtu azungumzaye juu ya mchumba. Tulikuwa kwenye uji huo Jumamosi moja mchana nilipomweleza Ogola alichosema daktari: kwamba ugonjwa umetoka kwake, bila kosa lake. Alinitazama kama asiyesikia vizuri. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemla?" akauliza. Awino akaweka kijiko chini. "Wewe ndiye unayeninunulia dawa," akasema kwa shida, midomo ikiwa imevimba. "Shika moja, uache hiyo nyingine."

Nilidhani jambo hilo litaishia hapo. Lakini baada ya wiki kadhaa alikuja ami yake Ogola kutoka Port Victoria, mzee mwenye kofia nzuri na fimbo, akakaribishwa uani kwa Mama Rukia, pamoja na Ogola, kwa mahamri na chai. Awino alikuwa amelala, au tulidhani amelala. Mimi nilikuwa upande wangu wa pazia, na dirisha lilikuwa wazi. Mzee alianza mbali, kwa mvua na bei ya nyavu, kisha akafika. "Bwana, sisi kama wazee tumekaa. Tumbo la huyu mama limekuwa na shida. Si kwamba tunamfukuza, hapana. Atabaki nyumbani kwake. Lakini wewe ni kijana. Pesa yote inaingia kwa shimo. Tafuta msichana mwingine akuzalie, watu wasikucheke." Nilisikia Ogola akiweka kikombe chini. "Baba," akasema, "huu ugonjwa si wa tumbo lake. Daktari alisema. Ni mbegu yangu ilienda vibaya ndani yake. Ugonjwa ni wangu. Yeye ananibebea tu." Mzee akasema madaktari husema mengi. "Inawezekana," Ogola akajibu. "Lakini hilo nimelikubali. Sasa niambie, nikioa mwingine, nimpelekee nini? Hii mbegu?" Mama Rukia akauliza kama mzee ataongezwa chai. Kutoka upande wa pili wa pazia nikasikia Awino akipumua kwa nguvu, kama mtu aliyeshikilia pumzi chini ya maji.

Ninapofikiri sasa, mimi niliyefundisha biolojia maisha yangu yote, najua Ogola hakulisema kisayansi hasa. Daktari angemrekebisha. Lakini nimekutana na wasomi wengi waliojua jambo hilo kwa usahihi wakalisema bila kumsaidia mtu yeyote. Yeye alichukua kipande cha elimu kilichomuumiza akasimama nacho mbele ya mkewe. Ami yake aliondoka jioni ileile na hakuleta tena habari hizo.

Baada ya hapo mambo yakaanza kugeuka, polepole kiasi kwamba karibu tusione. Bwana Were aliweka maji kidogo na mkojo ukakataa. Akapunguza maji tena, ukakataa. Kikohozi kikawa kikavu, kisha kikapotea. Eksirei mpya ikaonyesha madoa yamefifia. Halafu siku moja aliweka mkojo mtupu, bila tone la maji, akatikisa kile kioo cheusi, na mbele ya macho yetu maziwa yakakatika. Chenga ndogo nyeupe zikajikusanya pembeni. Bwana Were akanipa mkono, akauzungusha kama pampu. "Hongera, baba," akasema, na sote wawili tukacheka mpaka karani akachungulia. Awino aliongezewa sindano za kukamilisha, kisha akaambiwa aende nyumbani, ale, awe anarudi kupimwa, na asishike mimba kwanza, kwa sababu mimba ingewachanganya wapimaji. Jioni aliyotoka kwa Mama Rukia alikula omena wa kukaanga hadi tukamwogopea.

Kabla mwaka haujaisha, maziwa yalibaki laini tena. Bwana Were alirudia kipimo bila kuniambia kwa nini. Mimi nilijua. Awino na Ogola walikuwa na yale macho ya watu wasiotaka kuulizwa, na Daktari Nafula hakuwagombeza. Alisema tu kwamba kuna mambo mawili, na kipimo hakiwezi kuyatenganisha. Awino asubuhi alikuwa anatapika. Lakini mara ya kwanza pia alitapika. Tulipelekwa kliniki moja ya binafsi iliyokuwa na mashine ya kuonyesha ndani ya tumbo, kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekiona. Chumba kilikuwa baridi na kidogo. Fundi wa mashine alimpaka Awino mafuta mazito tumboni, akapitisha kifaa, na kwenye kioo palikuwa na kijivu tu, kama mvua inayokuja ziwani kutoka upande wa Uyoma. Ogola alisimama na kofia mikononi. "Ni zabibu?" akauliza. Fundi alisogeza kifaa kidogo, akasimama, akaweka kidole kwenye kioo. Ndani ya ule ukijivu kulikuwa na kitu kidogo kuliko punje ya harage, na ndani yake kitu kikifunguka na kujifunga, kufunguka na kujifunga, upesi sana.

"Huo ni moyo," akasema.

Awino aligeuza kichwa. Mwaka mzima ule sikuwahi kumsikia na sauti ile. "Wa nani?" akauliza.

Awino yuko hai. Anaishi Port Victoria, na kama utapita huko utamkuta akimgombeza msichana anayemfundisha kushona. Mtoto alizaliwa Kisumu, msichana, bila taabu kubwa, na baada yake wakafuata wawili. Lakini kinachonirudia zaidi ni asubuhi ya kuzaliwa kwake. Daktari Nafula alikuwa ameagiza kwamba kondo la nyuma lisitupwe wala lisichukuliwe na mtu kabla hajaliona. Alilikagua kwa muda mrefu karibu na dirisha, na mimi, kwa kuwa alinijua, nikauliza kama naweza kuliona. Akamtazama Awino. Awino akasema, "Nami nataka." Basi akalileta kitandani kwenye karai jeupe la enameli. Lilikuwa pana kama sahani, jekundu, limekamilika, na mshipa wa kitovu umejikunja juu yake. Daktari alituonyesha ukingo wake wote kwa kidole, mahali lilipokuwa limeshika na mahali lilipoachia. Awino alijiinua kwa kiwiko na kulitazama kama fundi anavyotazama mshono wa fundi mwingine.

"Hili limekoma," akasema mwishowe.

"Limekoma," Daktari Nafula akajibu.

Awino akalala tena kwenye mto. "Haya. Sasa nileteeni mtoto wangu."